Baridi ya Wageni

Mwenye boti alipotuambia kwamba kiyoyozi kinakuja, alisema kinakuja kwa ajili yetu sote. Alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa, suruali ameikunja hadi magotini, viatu mkononi, na neno "sote" alilitamka huku akituzungushia kidole kama mtu anayegawa baraka. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Leo nikiyakumbuka makofi yale naona aibu, kisha aibu inageuka hasira, na hasira hiyo sijapata mahali pa kuiweka.

Tulikuwa kikundi kidogo cha ngoma, wengi wetu wakazi wa mtaa wa Isevya. Wiki nzima kila mtu alikuwa na shughuli zake, huyu ana genge la nyanya, yule anashona, mimi nauza vitenge sokoni. Mwisho wa wiki tulikwenda bwawani, nje kidogo ya mji wa Tabora, kucheza kwenye boti. Boti yenyewe ilikuwa ya chuma, bapa tumboni, haina makuu. Mbele ilikuwa na jukwaa la mbao. Katikati palikuwa na chumba cha wageni, chenye viti na meza za vinywaji. Nyuma ya chumba hicho palikuwa na kijichumba chetu cha kubadilishia nguo, na nyuma kabisa stoo na upenyo wa kusimama watu wachache.

Mchezo wetu ulikuwa safari ya wapagazi. Wageni wengi walikuwa watu wa Dar na Dodoma waliokuja Tabora kikazi. Asubuhi wanapelekwa Kwihara kutazama nyumba ya zamani, mchana wanaletwa kwetu. Sisi tunajifunga kaniki, tunabeba pembe za ndovu zilizotengenezwa kwa mabomba ya plastiki yaliyopakwa rangi, tunacheza kwenda mbele na kurudi nyuma kana kwamba tunatoka Ujiji tunakwenda pwani. Babu yake mama yangu alibeba mizigo kweli kweli katika njia hiyo. Mimi nilibeba bomba la choo. Lakini nyimbo zilikuwa za kweli, na aliyezitia ukweli huo ni mama yangu mkubwa.

Mama mkubwa alizaliwa Ziba, akaja mjini kwa ajili ya kumlea mama yetu alipougua, na mama alipofariki akabaki kutulea sisi, mimi na mdogo wangu wa kiume. Ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo. Alikuwa hachezi tena, miguu ilikuwa imemchoka, kwa hiyo alikaa kwenye kijichumba cha nyuma na kutoa sauti kutokea huko. Wageni hawakumwona. Walisikia tu sauti ya mwanamke inatoka mahali fulani, inapita juu ya maji, kisha ndipo sisi tunaingia na mizigo. Nimeona watu wazima wakiacha bia mezani wakisikiliza.

Mwezi wa kumi joto la Tabora halina utani. Wageni wakalalamika. Mpaka hapo chumba chao kilikuwa na maturubai pembeni, unayakunja na upepo unapita. Mwenye boti akayang'oa maturubai, akaweka vioo vyenye fremu za aluminiamu pande zote, vioo visivyofunguka, halafu akaulizia fundi wa viyoyozi. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mdogo wangu ni fundi.

Mdogo wangu ana kibanda cha kutengeneza friji hapo hapo Isevya. Ni mtu mpole. Tangu utotoni ni mpole, na watu humsifu kwa hilo. Alikuja bwawani na pikipiki ya miguu mitatu iliyobeba maboksi mawili: kipande cha ndani cha kutundika ukutani, na kile cha nje chenye feni kubwa. Siku ya kwanza nilijivunia kumwona anapima ukuta, anatoboa, anapinda bomba la shaba taratibu bila kulivunja. Kwa kuwa boti haina umeme, alifunga paneli za sola juu ya paa na betri chini ya viti. Akawasha. Hewa ya baridi ikatoka. Mwenye boti akainua mikono juu kama timu yake imefunga goli.

Furaha ile haikudumu. Kiyoyozi kinapotaka kuanza kinavuta umeme mwingi kwa mpigo, na betri zile zilikuwa chache. Jua likijificha kidogo tu, kinazima. Siku moja kilizima mara kadhaa katika mchezo mmoja, na kwa sababu vioo havifunguki, wageni walitoka mle wamelowa jasho, wamenuna. Mdogo wangu akamwambia mwenye boti aongeze betri. Bosi akasema hapana, lete jenereta.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hapo ndipo ninapotaka nieleweke vizuri. Mdogo wangu alijua jenereta inapaswa kukaa wapi. Alimwambia mwenye boti iwekwe juu ya paa, kwenye upepo. Mwenye boti akasema itaharibu sura ya boti, watu wanapiga picha. Mdogo wangu akamwambia basi ivutwe nyuma kwenye kielea chake. Bosi akasema tutaonekana kama tunavuta jeneza. Akaamuru iwekwe stoo, mlango ufungwe ili kelele zisisikike, bomba la moshi litobolewe ubavuni. Kati ya stoo na kijichumba chetu palikuwa na ubao mwembamba tu. Na mabomba ya kiyoyozi yalipita katika ubao huo, kwenye tundu ambalo mtu angeweza kuingiza ngumi.

Mdogo wangu akaiweka stoo.

Kile kipande cha nje nacho kilikuwa kimefungwa nyuma, juu ya upenyo tunaposimama kusubiri zamu. Kama hujawahi kusimama mbele ya kitu hicho, fahamu kwamba joto linalotolewa chumbani halipotei, linatemwa nje. Lilitemwa usoni kwetu. Wageni wamekaa ndani na masweta, na sisi nyuma tunapikwa kama maandazi. Wachezaji walikuwa wamechoka kabla hawajaanza kucheza. Nikamfuata mwenye boti baada ya mchezo, alikuwa anahesabu chupa.

"Bosi, ile feni inatuchoma. Igeuzwe itazame majini."

"Itageuzwa, mama."

"Lini?"

Akanitazama kama naomba kitu kikubwa. "Ninyi si watu wa hapa hapa? Joto mmelizoea. Wale ndio wanaotulisha."

"Ulisema kinakuja kwa ajili yetu sote."

"Wageni wakija, si nanyi mnafaidika?" Akarudi kwenye chupa zake.

 Nilikuwa na majibu mengi, nikayaacha yote kwa sababu nilijua kuna akina mama nyuma yangu wanaotegemea kazi ile.

Kisha kichwa kikaanza. Kwanza nilidhani ni jua. Halafu mwenzangu mmoja akasema naye kichwa kinamgonga kila tukishuka botini, mwingine anasikia kichefuchefu. Mama mkubwa hakulalamika, si mtu wa kulalamika, lakini tukifika nyumbani alikuwa analala na kanga yake kichwani mpaka jioni, na chai haitaki. Nikaenda kibandani kwa mdogo wangu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya friji.

"Jenereta ile inatoa moshi kwetu?"

Hakuinua uso. "Kidogo huenda ukarudi. Boti ikisimama."

"Ulimwambia bosi?"

"Nilimwambia, dada. Mwanzoni kabisa."

"Na baada ya hapo?"

Akafunga mlango wa friji. Kisha akasema ataziba lile tundu la mabomba kwa matambara na gundi, na tukikaa mle tuache mlango wazi. Aliongea kwa sauti yake ile ya upole. Nilitaka kumtikisa. Nilimwambia, "Humo ndani anakaa mama mkubwa." Akasema, "Najua, dada. Nitaziba." Na kweli alikuja akaziba. Matambara yale niliyaona kwa macho yangu, yamesokomezwa kwenye tundu kama pamba kwenye sikio.

Jumapili moja mvua za kwanza zilikuja na kundi la wageni waliokuwa na mkutano wao mjini. Boti ilisimama katikati ya bwawa kama kawaida kwa ajili ya mchezo. Upepo ukakata. Mvua ikaanza, mwanzo matone makubwa, kisha ikamwagika. Sisi wachezaji tulikuwa tayari tumepita pembeni kwenda mbele, chini ya paa la jukwaa. Mama mkubwa akabaki nyuma kwenye kiti chake. Mvua ilikuwa inaingia, kwa hiyo akafunga mlango. Nani asingefunga?

Ngoma ikapigwa. Pakafika mahali pa sauti yake, sauti haikuja. Mpiga ngoma akarudia. Nikadhani mvua inamzuia kusikia. Akarudia tena. Wageni walikuwa wananitazama kupitia kioo, wengine wamejifunika mitandio kwa baridi, na mimi nimesimama na bomba begani, nacheza papo hapo kama saa mbovu. Nikalitupa bomba chini, nikakimbia.

Nilipofungua mlango nilikutana na hewa nzito yenye harufu ya petroli. Mama mkubwa alikuwa ameegemea ule ubao, kidevu kifuani, mikono imelegea mapajani. Nilimwita. Nilimpiga mashavuni. Nikamshika kwapani nikamburuta hadi kwenye ule upenyo wa nyuma, mvuani, na nilikuwa napiga kelele sijui za nini. Wenzangu wawili wakaja, tukamlaza ubavu. Alikuwa anapumua, lakini kwa mbali sana, kama mtu anayefikiria kama aendelee au aache. Na juu yetu ile feni inaunguruma, inatutemea joto lake.

Mwenye boti akatokea na mwavuli.

"Zima jenereta," nikamwambia. "Turudi ukingoni."

"Amezimia? Mpepeeni. Mpeni maji."

"Zima jenereta!"

"Mama, tulia. Chumba hakina dirisha, nikizima wageni wataungua mle. Tunarudi sasa hivi, lakini tusiwatie hofu watu."

Nasema haya nikiwa na akili timamu: mtu yule alikuwa amejishikia mwavuli yeye mwenyewe, mama yangu mkubwa amelala miguuni pake kwenye mvua, na neno alilolisema ni "wageni". Nilimsukuma. Sikumbuki vizuri, wenzangu wanasema aliangukia kwenye majaketi ya kuokolea maisha. Nikafungua stoo, nikaziba pua kwa kaniki, nikabonyeza swichi nyekundu ya kuizima. Kimya kikashuka ghafla. Tukabaki na mvua tu.

Mdogo wangu alikuwa botini siku hiyo. Kazi yake ilikuwa kuiangalia jenereta, lakini alikuwa amekaa mbele karibu na nahodha, kwa sababu huko nyuma, kama alivyokuja kukiri baadaye, hakukaliki. Alikuja akamwona aliyelala pale. Alikaa chini kwenye maji, akawa anamsugua miguu mama mkubwa na kumwita, "Mama. Mama."

Wageni wakaanza kugonga vioo. Nikaenda nikaufungua mlango wa chumba chao. Mvuke wa baridi ulitoka na harufu ya nyama choma.

"Kuna mama amezimia kwa moshi wa mashine inayowapoza ninyi," nikasema. "Tunampeleka hospitali. Mchezo umekwisha."

Mzee mmoja akasimama papo hapo, akavua koti lake akanipa nimfunike mgonjwa. Dada mmoja akaanza kulia. Lakini kuna kijana wa tai ambaye sitamsahau. Aliuliza, kwa adabu kabisa, kama watapangiwa siku nyingine ya kuona kipande kilichobaki.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya ukali. Aliuliza kama tulikuwa tumewasha jiko la mkaa ndani. Kila mtu Tabora anajua habari za watu waliolala na jiko la mkaa wakakutwa wamekufa asubuhi. Nikasema halikuwa jiko. Kabla sijaeleza, mwenye boti akaingia na mfuko wa machungwa na juisi.

"Shikamoo, mama," akamwambia mgonjwa aliyekuwa hasikii. Kisha akamgeukia daktari. "Ni presha hii. Umri nao umekwenda. Na pale alikuwa hajala."

Mdogo wangu alikuwa amesimama dirishani. Nilimtazama. Akatazama nje. Hasira iliyonishika haikumhusu mwenye boti hata kidogo. Mwenye boti nilishamjua. Huyu nimembeba mgongoni, nimemlisha uji.

"Sema," nikamwambia.

"Dada..."

"Usiniite dada. Sema ulichofunga."

 Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinua vichwa. Mdogo wangu akageuka kutoka dirishani.

"Ni moshi wa jenereta, daktari," akasema. "Iko ndani ya chumba kilichofungwa, ukuta mmoja na alipokuwa amekaa. Nilimwambia huyu bwana kwamba ni hatari. Akakataa. Na mimi nikaifunga hivyo hivyo."

Mwenye boti akacheka kidogo, kicheko cha kumsikitikia mtu. Akasema fundi anapaswa kujua kazi yake, yeye si fundi. Daktari akamwambia atoke nje na machungwa yake.

Mama mkubwa alifumbua macho siku iliyofuata. Tulishukuru Mungu, na bado namshukuru. Lakini aliyerudi hakuwa mzima wote. Mikono inatetemeka. Anaanza sentensi, inamkatikia njiani. Nyimbo alizokuwa amezishika tangu akichunga ng'ombe wa baba yake zimekuwa vipande vipande. Anaimba mstari, kisha anatazama pembeni kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Watu wanaponiambia, "Mshukuru Mungu, angeweza kufa," nasema ndiyo. Halafu nakwenda chooni kusaga meno.

Nilikwenda kulalamika kwenye ofisi inayohusika na vyombo vya majini. Nikaambiwa mhusika yuko safari. Nikaenda tena, yuko kikaoni. Nikaenda mara nyingine, nikamkuta, akanisikiliza, akaniuliza kama nina cheti cha kuonyesha kwamba boti ilikaguliwa. Nikamwambia hicho ndicho nilichokuja kumwuliza yeye. Akasema atafuatilia. Boti haikusimama hata wiki mbili.

Mdogo wangu alifanya jambo moja, na lazima niliseme hata kama sitaki kumpunguzia. Alikwenda bwawani mchana, mbele za watu, na spana zake. Akaanza kukifungua kiyoyozi, kipande cha ndani na cha nje, huku mwenye boti anamtukana na kutishia polisi.  Alivipanga vyote ukingoni, kwenye nyasi, bila kuchukua hata skrubu, kisha akaingia stoo akaivuta jenereta peke yake mpaka nje. Wavuvi waliokuwa pale walimtazama tu. Mmoja wao ndiye aliyenihadithia. Anasema alipomaliza alikaa juu ya jenereta akalia, halafu akapanda pikipiki yake akaondoka.

Haikusaidia kitu. Mwenye boti akaleta fundi mwingine, vyote vikarudishwa. Safari hii jenereta imewekwa juu ya paa. Nilipoambiwa hivyo nilikaa chini palepale sokoni, katikati ya vitenge vyangu. Juu ya paa! Kumbe iliwezekana. Kumbe sura ya boti haikuharibika. Sisi hatukurudi, hakuna hata mmoja wetu aliyerudi, na kwa hilo nawapenda wenzangu mpaka kufa. Siku hizi wageni wanawekewa muziki wa spika na vijana wawili wanaoruka sarakasi.

Mama mkubwa alipopata nguvu alisema anataka kurudi kwao Ziba. Hakutaka tena kukaa mahali penye kelele za mashine. Mdogo wangu akaazima gari la rafiki yake. Mgonjwa alikaa mbele, mimi nyuma na magodoro na sufuria. Tangu hospitali nilikuwa sijaongea na mdogo wangu isipokuwa mambo ya dawa. Tulipofika Nzega akashuka, akatununulia mahindi ya kuchoma na maji, akanipitishia yangu dirishani. Nilipokea. Sikusema asante.

Mama mkubwa aliona. Alikuwa anaona kila kitu, hata siku zile maneno yalipokuwa yanamtoroka.

"Mtanuniana mpaka lini?" akauliza. Sentensi ile ilitoka nzima.

Mdogo wangu alitazama usukani. Nikasema, "Sijui, mama."

"Huyu amekwisha kujihukumu."

"Wewe umsamehe. Umeumizwa wewe, una haki hiyo. Mimi bado."

Akatikisa kichwa, akamwekea mdogo wangu mkono begani, mkono wenyewe unatetemeka, na tukaendelea na safari. Ziba tulipokelewa na ndugu, maziwa yakatolewa, watoto wakaja na shikamoo zao kwa foleni. Mama mkubwa akakalishwa kwenye mkeka kivulini, upepo wa mbugani unapita, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikamwona anavuta pumzi bila kukunja uso.

Tulipogeuza gari kurudi Tabora, mdogo wangu alinifungulia mlango wa mbele. Alisimama ameushikilia, vumbi limemjaa nyusi.

"Njoo ukae mbele, dada. Nyuma kuna joto."

Nikamwambia joto nimelizoea. Nikapanda nyuma.